Dakika ya Thelathini na Moja

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Bryony Hepworth alivuka barabara kwenda kumchemshia babu yake chai. Nyumba zao zilitazamana, zote za matofali mekundu yaliyoingia weusi wa moshi wa viwanda vilivyofungwa zamani. Hakuhitaji kubisha hodi. Babu Walt alikuwa ameshaamka tangu saa kumi na moja alfajiri, amevaa kofia yake, amekaa dirishani akimsubiri.

"Umechelewa dakika mbili," alimwambia, kama alivyomwambia kila siku.

"Nilikuwa naswaki, Babu."

"Enzi zangu tulikuwa tunaswaki huku tunakimbia."

Jikoni kulikuwa na vikaratasi vya njano kila mahali. Mama yake Bryony ndiye aliyevibandika. ZIMA JIKO. FUNGUO ZIKO KWENYE NDOANO. LEO NI ALHAMISI, hiki cha mwisho akikibadilisha kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Mwaka mmoja uliopita Babu alianza kupoteza vitu vidogo, miwani, majina ya majirani. Siku hizi alikuwa anapoteza vikubwa zaidi. Alivitania vile vikaratasi, akasema jikoni kwake kuna habari nyingi kuliko gazetini, lakini Bryony alimwona akivisoma kimoja kimoja kwa makini alipodhani hakuna anayemwangalia, na moyo ulimuuma.

Pale Harrowbeck hakuna asiyemjua Walt Hepworth. Alikuwa beki wa kati wa Harrowbeck Town kwa misimu kumi na tisa. Mechi mia sita thelathini na nne, zote kwa timu moja, zote akiwa na jezi namba tano. Aliingia klabuni ana miaka kumi na sita, kazi yake kusugua matope kwenye njumu za wakubwa. Alitoka ana miaka thelathini na sita, magoti yamekwisha, akaenda kuendesha gari la mikate. Maisha yake yote alifunga magoli manne, na hakuficha kwamba mawili kati ya hayo aliyafunga kwenye lango lake mwenyewe. Timu kubwa zilimtaka mara mbili akakataa mara mbili. Huko kwenye miji mikubwa, alisema, asingepata pai ya nyama ya maana.

Lakini mji haukumpenda kwa mechi hizo mia sita. Ulimpenda kwa mechi moja. Zaidi ya miaka hamsini iliyopita, timu kubwa ya London ilikuja Harrowbeck kucheza mechi ya kombe. Dakika ya thelathini na moja Walt aligongana vichwa na mshambuliaji wao, akapasuka juu ya jicho. Walimshona palepale kando ya uwanja, wakamfunga bandeji, akarudi kucheza. Dakika ya themanini na tisa, kwa kichwa kilekile, aliuokoa mpira uliokuwa unavuka mstari. Harrowbeck ilishinda moja bila. Bandeji ile, yenye doa lililogeuka kahawia, ilikuwa imewekwa kwenye kisanduku cha kioo ukumbini pale klabuni. Kila timu ya watoto ilipofika fainali, wachezaji walikwenda kukigusa kioo kile mmoja mmoja, na Babu Walt akawasimulia mkasa mzima.

Jumapili ile ilikuwa zamu ya Bryony. Alikuwa na miaka kumi na miwili, beki wa kati na nahodha wa timu ya wasichana chini ya miaka kumi na mitatu. Alikuwa na jambo moja moyoni ambalo hakuwa amemwambia mtu. Alimsikia mama yake akizungumza kwa simu, akisema kwamba huenda huu ukawa msimu wa mwisho Babu kufika uwanjani. Bryony alitaka Babu amwone akicheza fainali, amwone vizuri, kabla na yeye hajawa kitu kimoja kati ya vile vinavyopotea.

* * *

Jioni ya Alhamisi walikuwa mazoezini, mvua nyembamba ikinyesha. Kona ilipigwa. Bryony aliruka, na Safiyya Iqbal, kipa wao na rafiki yake tangu darasa la kwanza, naye alitoka golini kuupiga mpira ngumi. Aliukosa mpira. Kiwiko chake kikatua kwenye upande wa kichwa cha Bryony, kikatoa sauti ambayo Safiyya hakuipenda hata kidogo.

Bryony alijikuta amekaa kwenye matope. Miti ya kando ya uwanja ilikuwa inaelea kidogo. Kocha Lorraine alikuwa upande wa pili, amewapa mgongo, anaokota koni.

"Bry! We Bry! Nitazame," Safiyya alisema, amepiga magoti. "Leo siku gani?"

Bryony alifikiri. Akatafuta kikaratasi cha njano kwenye akili yake, akakiona. "Alhamisi."

"Umechelewa kujibu. Namwita Kocha."

"Usithubutu!" Bryony alimshika glavu. Sheria aliijua, kila mtu aliijua: ukigongwa kichwa, unatoka, na unakaa nje wiki tatu. "Ukisema, sichezi Jumapili. Nakuapia, Saf, sitaongea na wewe mpaka tuwe vikongwe."

"Lakini macho yako..."

"Babu alipasuka kabisa na akarudi. Mimi hata damu sina. Niinue."

Safiyya alimwinua. Hakumwita Kocha, lakini zoezi lililobaki hakuudaka mpira hata mmoja, na Kocha akamwuliza kama mikono yake ameisahau nyumbani.

Siku ya Ijumaa darasani Bryony alisoma mstari mmoja mara tatu, na mara zote tatu ukampita. Mwanga wa taa ulimchoma macho. Nyumbani mama alileta samaki na chipsi kama kila Ijumaa, na harufu ya siki ikamfanya Bryony akimbilie chooni. Alisema ni woga wa fainali tu. Mama, aliyekuwa ametoka kazini amechoka, alimwamini, kwa sababu Bryony hakuwa mtoto wa kudanganya.

Jumamosi asubuhi alivuka barabara akamchemshia Babu chai. Akaiweka mezani, pamoja na mkate uliokaushwa. Babu akanywa funda moja, akakitazama kikombe, akanywa la pili ili ahakikishe.

"Bryony."

"Naam, Babu."

"Majani ya chai yako wapi?"

Bryony alichungulia kikombe. Yalikuwa maji ya moto na maziwa. Akageuka kutazama meza. Pakiti ya majani ilikuwa imefungwa, na sukari ameiweka ndani ya friji.

"Nyumba hii," Babu alisema taratibu, "ina nafasi ya msahaulifu mmoja tu, na nafasi hiyo imeshachukuliwa. Njoo hapa, kaa."

Akamshika kidevu, akamgeuzia dirishani. Bryony akafumba macho haraka, mwanga ulimuuma.

"Nani kakugonga?"

"Hakuna mtu."

"Mwanangu, mimi leo nimeshindwa kukumbuka jina la mwanamke anayeniletea maziwa. Lakini macho ya mtu aliyegongwa kichwa nayajua kama ninavyoujua mlango wangu. Nimekuuliza, nani kakugonga?"

Bryony alijaribu kunyamaza, machozi yakamtangulia. Akasema yote: kona, kiwiko, miti inayoelea, mstari wa kitabu, siki. "Lakini si kitu, Babu! Kesho ni fainali. Nikimwambia Kocha sichezi. Nawe ulirudi! Ulikuwa umepasuka, na ulirudi, na uliuokoa mpira kwenye mstari. Kila mtu anajua!"

"Kila mtu anajua," Babu alikubali. Akakizungusha kikombe mezani kwa muda mrefu, mpaka Bryony akadhani ameshasahau walikuwa wanazungumza nini. Kumbe alikuwa anajikaza.

"Unajua mimi ninachokikumbuka kwenye mechi ile?" alisema. "Nakumbuka mpira unashuka kutoka juu. Jukwaani nyuma yake kuna mtu kavaa koti la rangi ya haradali. Nikasema moyoni, koti baya lile. Basi. Kinachofuata niko nyumbani, marehemu bibi yako ananimenyea yai, na ni siku inayofuata."

Bryony alimkodolea macho. "Na mpira wa kwenye mstari?"

"Nilisomewa gazetini. Bibi yako alinisomea mara mbili. Baadaye wenzangu wakanipa vipande vingine, huyu kimoja, yule kimoja, nikavishona pamoja. Miaka hamsini nasimulia, watu wananipigia makofi, nami ni kama nasimulia habari za jirani. Mechi kubwa kuliko zote nilizocheza, Bryony, mimi sikuwepo."

"Mbona hukusema?"

"Niliona aibu. Ningeanzia wapi? Wameshaiweka bandeji kwenye kioo." Alijipangusa pua kwa kitambaa. "Jumamosi iliyofuata nilicheza tena, kichwa kinanguruma. Nami sikugongwa mara moja tu, niligongwa mara nyingi, na kila mara nilisema niko sawa, na kila mara walinisifu. Daktari wangu anasema hawezi kuapa kwamba haya ya leo yametokana na yale. Lakini niliuona uso wake alipoanza kuhesabu mechi."

Bryony aliviangalia vile vikaratasi vya njano. Kwa mara ya kwanza vilimtisha.

"Nilitaka unione nikicheza," alisema kwa sauti ndogo. "Kabla hujani..."

Babu hakujifanya hajaelewa. Akamvuta kifuani, kofia ikaanguka. "Hata nikikusahau wewe," alisema, "sitaki wewe ujisahau. Sasa sikiliza. Mama yako anaambiwa sasa hivi, na hilo halina mjadala. Kocha utamwambia mwenyewe, kwa mdomo wako. Mimi nitasimama karibu, lakini sitakusaidia hata neno moja."

* * *

Mama hakupiga kelele, jambo ambalo Bryony aliona ni baya zaidi. Alimpeleka hospitali, daktari akampima, akasema ni mtikisiko wa ubongo, apumzike, asikaribie mpira kwa wiki tatu. Akamwuliza lini amegongwa. Bryony aliposema Alhamisi, daktari alimtazama tu, akaandika.

Mchana walimkuta Kocha Lorraine uwanjani akichora mistari kwa chokaa. Babu alisimama hatua tano nyuma, mikono mifukoni, akitazama mawingu.

"Kocha, Alhamisi niligongwa kichwa nikaficha," Bryony alisema yote kwa pumzi moja. "Safiyya nilimlazimisha asiseme. Kosa si lake."

Kocha Lorraine aliweka chini mashine ya chokaa. Akauma mdomo. "Ningekuchezesha," alisema. "Kesho ningekupanga, ukagongwa tena, na mimi ndiye ningekuwa nimekupeleka." Sauti yake ilitetemeka kwa hasira, kisha hasira ikamwishia. "Na mimi nilikuwa natazama koni. Kosa la kwanza ni langu. La pili ni lako. Umelileta mwenyewe, na kwa hilo nakushukuru. Kitambaa cha unahodha kesho utamvalisha Safiyya."

"Saf atatapika."

"Atatapika akiwa nahodha."

Babu, hatua tano nyuma, alikohoa. Bryony alijua ni kicheko.

* * *

Jumapili asubuhi wasichana kumi na watano walijazana ukumbini mbele ya kisanduku cha kioo. Bryony alikuwa amevaa koti juu ya jezi yake. Wenzake walikuwa wameshaambiwa, na mmoja wao, Poppy mfupi aliyepewa nafasi yake, alikuwa mweupe kwa hofu. Nyuma walisimama wazee wa klabu na vikombe vyao, wamekuja kuusikia mkasa kwa mara ya hamsini.

Babu Walt alianza kama siku zote. Alieleza baridi ya siku ile, matope, ukubwa wa washambuliaji wa London. Watoto walicheka palepale ambapo watoto wote huwa wanacheka. Kisha akasema, "Dakika ya thelathini na moja, mpira ukapigwa juu." Akanyamaza.

Kimya kilirefuka. Wazee walitazamana. Mama yake Bryony alisogea hatua moja mbele. Safiyya, mwenye kitambaa cha unahodha kilichomlegea mkononi, akadhani anamsaidia. "Kisha mkagongana, Babu Walt," alinong'ona. "Wakakufunga bandeji, ukarudi."

"Najua, binti yangu. Ninyi nyote mnajua," Babu alisema. "Ila mimi ndiye sijui. Kuanzia pale hadi kesho yake sijui kitu. Yaliyobaki nilisomewa gazetini."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti wa klabu, mzee mwenye tai ya rangi za timu, alikohoa. "Walt, bwana, watoto wamekuja kusikia hadithi."

"Hadithi ndiyo hii. Ile nyingine imeshazeeka." Babu aliwageukia wasichana. "Miaka yote hii nimewafanya watoto waguse kioo hiki ili wapate moyo. Leo hakigusi mtu. Yumo humu ndani msichana mmoja aliyekuja jana kumwambia kocha wake ukweli, siku moja kabla ya fainali, akijua nini anapoteza. Mimi katika mechi mia sita thelathini na nne sikuweza kufanya hivyo hata mara moja. Mkitaka kugusa kitu, mguseni yeye begani, muende mkacheze."

Walipita mmoja mmoja wakimgusa Bryony begani. Poppy alimgusa mara mbili. Safiyya alimkumbatia kwa nguvu mpaka Bryony akalalamika, "Kichwa, Saf, kichwa changu!" Hapo ndipo ukumbi ulipocheka.

Harrowbeck walifungwa mbili moja. Ningependa kukuambia vingine, lakini ndivyo ilivyokuwa. Poppy alicheza vizuri kuliko yeyote alivyotegemea, kisha dakika za mwisho akateleza, na hapo ndipo goli la pili lilipopatikana. Bryony alikaa benchini kati ya Babu na ndoo ya maji, akapiga kelele mpaka Kocha akamkumbusha alichosema daktari, na filimbi ya mwisho ilipolia alilia na wenzake. Ilimuuma. Alijua kabisa kwamba mpira ule yeye angeuwahi.

* * *

Jumatatu hakwenda shule, lakini chai alikwenda kuchemsha. Safari hii majani aliyaweka. Kikaratasi cha njano kilisema LEO NI JUMATATU.

"Umechelewa dakika mbili," Babu alisema. Akanywa, akaridhika. Kisha akakunja uso. "Hivi jana tulimaliza ngapi ngapi?"

"Mbili moja, Babu. Tulifungwa."

"Ulicheza?"

"Hapana. Nilikaa na wewe benchini."

Babu alikaa akiitafuta jana. Bryony alimwona akiitafuta, na alimwona akiikosa. Lakini mzee hakuhuzunika kama Bryony alivyotarajia. Akamsogezea kiti kwa mguu.

"Nisimulie basi. Yote. Usiruke kitu."

Bryony akaanza. Alieleza upepo ulivuma kutoka wapi, refa alivyoangusha sarafu, Safiyya alivyojikwaa akienda kumpa mkono nahodha wa wapinzani. Alieleza goli la Harrowbeck na jinsi Kocha alivyoirusha kofia yake ikaangukia ndoo ya maji. Babu alisikiliza huku amefumba macho, akicheka mahali pa kuchekesha. Ghafla akainua kidole.

"Dakika ya thelathini na moja. Kulitokea nini?"

Bryony alifikiri kidogo. "Kona ya kwao. Safiyya alitoka akaudaka mpira. Halafu akaniangalia benchini, akanionyesha kiwiko chake, akacheka."

Babu alifumbua macho. Yalikuwa yamejaa machozi, na alikuwa anatabasamu.

"Unaona? Unayo," alisema. "Mechi yangu kubwa kila mtu mji huu anayo, mimi peke yangu sina. Yako hii mmefungwa, hukucheza hata dakika moja, na unayo nzima. Kichwa unacho kimoja, Bryony. Kikigongwa, sema siku hiyohiyo, hata kama ni fainali, hata kama mji mzima unakushangilia. Walinisifu eti nina moyo mgumu kwa sababu nilirudi uwanjani. Kurudi kulikuwa rahisi. Kilichokuwa kigumu ni kusema 'siko sawa', na hilo wewe umeliweza ukiwa na miaka kumi na miwili."

Akasukuma kikombe chake mbele kiongezwe chai.

"Haya, endelea. Tulikuwa dakika ya ngapi?"

"Ya thelathini na mbili," Bryony alisema, akasogeza kiti, akaendelea.